Ngwe ya Njaa

Mwakirunge, Kisauni,
Mombasa.
14 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Samah,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Uholanzi? Baridi imepungua au bado walala na soksi? Wala ukashiba, au ni ile mikate yako mikavu? Sema kweli, maana ukinidanganya nitajua. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu lauma nikiinama tu.

Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu kila nikiishika hasira hunipanda nikalia, ukabaki kusikia kwikwi.

Ni habari ya zile ngwe zako nne za utafiti hapa shambani. Nimezilinda kama nilivyokulinda wewe, mwaka wa kumi na mbili huu. Moja yala samadi, karai sita, haizidi. Moja yala mbolea ya dukani. Moja mahindi yamechanganywa na kunde. Ya nne haipewi kitu, na kwa hiyo ya nne watu waniita mchawi. "Mama Samah aua ardhi kwa njaa!" Nami huwajibu ulivyonifundisha: huyo ndiye shahidi. Bila yeye hatujui kama mahindi yamezaa kwa samadi au kwa mvua tu. Mwaka ule wa ukame, si ndiye aliyetuonyesha kuwa ngwe ya kunde ilivumilia? Leo nusu ya majirani wapanda kunde kati ya mahindi, na bado wanicheka!

Basi mwezi wa tatu nilikwenda Shanzu kumtazama shangazi yako Malak, alikuwa hajiwezi. Siku mbili tu! Narudi, nakuta ami yako Rashid amekaa barazani na kikombe cha kahawa, na jirani yetu Mwarandu amwaga mavi ya mbuzi juu ya ngwe ya njaa. Mkokoteni wa tatu huo!

"Shemeji, nimekusitiri," akanambia, meno nje. "Washenga waja Ijumaa kumposa Samiha. Waone shamba la marehemu ndugu yangu lina mapunye?"

Wallahi, nilitaka kummwagia ile kahawa. Nani alimwomba? Miaka yote hajashika jembe hapa, siku ya kuona haya ndiyo amekumbuka kuwa kuna shamba! Mdogo wako Samiha mwenyewe haionei haya ngwe ile. Amuonea haya ami yake.

Na mawingu yalikuwa yamekaa. Ingenyesha, ile samadi ingeshuka ardhini, na kazi yako yote ingeshuka nayo. Nikafunga kanga kiunoni, nikashika ufagio na karai. Mwarandu akacheka: "Mama Samah, asubuhi naimwaga, alasiri naizoa! Nyie mwaoza binti au mwaoza mbuzi?" Lakini akainama, tukazoa. Rashid eti tuihamishie ngwe ya samadi. Nikamwambia ile ina karai zake sita, haizidishiwi. Kama ana huruma nyingi, alishe mchicha wangu nyuma ya jiko. Huko ndiko ilikokwenda.

Washenga wakaja, wakaiona, na pilau wakala. Mzee wao aliniuliza mbona naitesa ardhi. Nilipomweleza, akaomba mbegu za kunde. Rashid akawa atazama viatu vyake.

Sasa mahindi yameota. Ya ngwe ya njaa yametoka manjano, membamba. Sijapata kumshukuru Mungu kwa mahindi mabaya, lakini siku nilipoyaona nilisujudu.

Ila upande wa njia kuna mashina saba ya kijani kibichi. Hapo mvua ilitukuta hatujamaliza kuzoa. Nilishika la kwanza niling'oe, usijue, walimu wako wasije wakakulaumu kwa ujinga wa watu wetu. Mkono ukakataa. Nimwite shahidi kisha nimzibe mdomo? Nimeyapigia vigingi kuyazunguka, na kwenye daftari nimeandika siku, mikokoteni mitatu, aliyemwaga na aliyemtuma. Ukurasa wenyewe umo humu. Usinifiche, mwanangu: imeharibika miaka kumi na miwili, au ni mashina saba tu?

Samiha na Mwarandu wakusalimu sana. Shangazi Malak amepata nafuu. Ami yako amenuna, hajasalimu mtu. Mimi nakusalimia kwa niaba yake, maana damu haifutwi kwa ufagio. Mungu akukinge na baridi na jicho la watu, akurudishe na ilimu yako.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mama yako, Mishi