Baba, Dawa Imekausha Machozi

Baba,

Sijui mtu aliye huko huulizwa habari gani. Mimi hapa mtaani Kibomet, Kitale, ni mzima, kwa wanaoniangalia. Nimenona. Sketi niliyovaa ulipokuja kunisalimia mara ya mwisho haifungiki tena, na wapangaji wenzangu wananiambia, "Maisha imekukubali, bana." Nacheka nao. Ni dawa, baba, na wewe peke yako ndiye uliyejua.

Maana wewe ndiye uliyenipeleka. Ulitoka Ndalu na buti zako za shamba, ukaketi nami hospitalini hapa Kitale, daktari akatueleza kuhusu huu ugonjwa wangu wa huzuni na vidonge vya kila jioni. Akasema mdomo utakauka, usingizi utazidi, choo kitakuwa kigumu, nitaongezeka mwili, na nisiache ghafla bila kumwona. Ukanigeukia ukasema, "Si hii inakausha kuliko jua la Januari! Tungepatia mahindi yakauke." Nilicheka siku hiyo, baada ya miezi mingi.

Dawa ilinisaidia, sikatai. Nilirudi kazini dukani, nikaanza kuoga bila kusukumwa. Kisha ukafa, ghafla, ukiwa shambani.

Unajua binti wa kwetu anavyofika kwenye msiba wa babake. Anaanza kulia akiwa bado sokoni, watu wanamsikia kabla hajaonekana, anaingia langoni akishikiliwa. Mimi niliposhuka Ndalu nilifungua mdomo, ulimi ukanata. Sauti ilitoka, ya kukwaruza. Machozi hayakutoka. Nilijua umekufa, nilijua kabisa, lakini uchungu ulikuwa mbali, kama redio ya jirani. Shangazi, dada yako, akanitazama kutoka juu hadi chini mbele ya watu wote. "Ati huyu ndiye alikuwa anapenda baba yake? Ona vile amenona. Hata chozi moja hana."

Ningemweleza ukweli? Angejua ni dawa za akili, ningeitwa mwendawazimu kabla hujafunikwa udongo.

Nikarudi Kitale, nikaacha vidonge. Nilitaka tu kukulilia. Nilitetemeka, nikatapika, usingizi ukahama. Na kweli machozi yalikuja, baba, mengi. Lakini hayakuwa yako. Nililia kwa sababu maharagwe yalichelewa kuiva. Nililia nikitazama ukuta. Yalikuwa yale ya zamani, ya ugonjwa, na nilipokutafuta ndani yake sikukupata. Nikaanza kufikiria kukufuata. Hapo niliogopa, nikajikokota hadi kwa daktari. Anasema dawa nyingine zipo, lakini kwanza nitulie.

Kwa hivyo nameza tena. Nimechoka, baba. Sijui kama nitawahi kukulilia, na hilo linaniuma mahali ambapo hata mimi sipafikii.

Nakuahidi sitaziacha tena kwa uamuzi wangu. Siku ya kumbukumbu yako nitapita pale langoni na macho makavu. Shangazi atasema, na watu watamsikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa ukinijibia. Sasa watasema mpaka wachoke wenyewe, na mimi nitawapikia chai.

Pumzika, baba. Usiningoje. Mimi nitabaki.

Binti yako