Somo la Gesi Siku ya Mvua ya Mawe

Birongo, Jumapili, 1972

Mwalimu wangu,

Shajara yangu ya Alhamisi ina maneno machache tu: somo la gesi, mvua, wote salama. Wewe unastahili habari kamili, ndiyo maana nimeketi kukuandikia ingawa tulikwisha kukuzika kwenu Suneka.

Tangu uondoke hatujapata mwalimu wa kemia. Mimi, msaidizi wako wa maabara, ndiye ninayewaongoza kidato cha nne katika mazoezi. Mwalimu mkuu alitaka tuache kabisa ile gesi inayonuka kama mayai viza. "Bosibori, hiyo ni sumu, na aliyeijua ametuacha," aliniambia. Nilimwomba somo moja tu, akakubali. Bila gesi hiyo wangeingia kwenye mtihani wa vitendo hawajawahi kutenganisha madini hata mara moja.

Niliwapa maji yenye madini mawili. Rangi ya samawati iliwadokeza shaba, zinki hawakuijua. Wakatia asidi kwanza, wakapitisha gesi, shaba ikaanguka chini, nyeusi tii. Zinki ikabaki ndani ya maji, imezuiwa na asidi. Ungeona nyuso zao! Nilikumbuka siku yangu ya kwanza na gesi hii, niliporudi nyumbani na sketi inayonuka. Mama alimlaumu kuku aliyekuwa akiatamia, akayatupa mayai yote mgombani. Ulicheka hadi ukavua miwani, kisha ukamletea mayai mengine. "Mama, hii ni fidia kutoka kwa kemia." Mpaka leo anakuita mwalimu wa mayai.

Walichuja, wakachemsha, wakaongeza amonia, wakaanza kupitisha gesi mara ya pili ili zinki nayo ishuke. Niliingia stoo kuchukua karatasi za kuchujia. Hapo mvua ya mawe ikapiga, na msichana mmoja, Nyanchoka, akafunga madirisha yote. Simlaumu. Kwetu mtoto hufunga dirisha mvua hiyo ikianza kabla hajaambiwa. Niliporudi harufu ilinipiga mlangoni, lakini yeye akaniambia kwa furaha, "Madam, leo tumezoea! Hata harufu imekwisha."

Nilisikia sauti yako, siku ile uliponishika mkono mbele ya chombo cha gesi: "Ukiacha kusikia harufu yake nayo bado inatoka, toka nje. Usiulize."

Sikuuliza. Nilipiga kelele kwa lugha yetu, Ekegusii, sijui hata nilisema nini. Nikabana pumzi, nikafunga bomba, tukatoka wote uwanjani, mawe yakitugonga vichwani. Wawili waliumwa na kichwa, mmoja akatapika. Kufikia jioni walikuwa wazima. Wote, Mwalimu.

Mwalimu mkuu alikuja mbio na mwavuli. "Sasa ni nini tena?" Kabla sijafungua mdomo, Nyanchoka, meno yakigongana, akamweleza kwamba gesi hii huiua pua kwanza, ndipo imgeukie mwenye pua. Nilikuwa nimewaambia hayo pale pale, mvuani.

"Nani aliyewafundisha?" akaniuliza.

Nilimwambia ni wewe. Aliyatazama madirisha ya maabara yaliyofungwa, mvua ikipiga juu ya mwavuli. Kisha akasema, "Basi maliza kazi. Lakini fundi atang'oa hayo madirisha aweke wavu, asiwepo wa kuyafunga."

Ijumaa, wavu ukiwa umewekwa na baridi ikituuma, zinki ilishuka, nyeupe kama maziwa. Nililia kidogo. Niliwaambia ni amonia.

Asante, Mwalimu. Alhamisi kuna akina mama huku Birongo waliopokea watoto wamelowa, wakawafokea, wakawapa uji. Hawajui wamshukuru nani. Nakushukuru kwa niaba yao, na kwa niaba yangu, kwa kuwa hukunifundisha majibu ya mtihani tu.

Nakuahidi: hakuna mwanafunzi atakayegusa chombo kile kabla hajanieleza, kwa maneno yake mwenyewe, ni wakati gani wa kukimbia. Pumzika, Mwalimu. Darasa lako liko mikononi mwangu.

Mwanafunzi wako,
Bosibori