Bastola ya Mkono wa Nani

Indiana, Septemba 12, 1999

Kwa baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini unakula chakula, si kahawa na biskuti kama nilivyokuacha baada ya kumzika mama. Mimi sijambo. Bado nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mikono imechubuka kwa sabuni, lakini ndiyo kazi.

Baba, nataka kununua bastola ya kulinda nyumba. Mkweo Lonnie ameanza zamu ya usiku kiwandani, nabaki peke yangu. Anasema mtaa umeharibika, kuna nyumba zimevunjwa. Sijawahi kununua kitu kama hicho. Wewe umekaa na bunduki maisha yako yote. Niambie ninunue ya namna gani. Na dukani wanauliza nini? Hasa hilo la dukani.

Ningepiga simu pale kwa jirani yako Arvil akuite, lakini simu yetu imeharibika. Lonnie anakusalimu.

Mwanao,
Tressa

*

Lick Branch, Kentucky, Septemba 19

Tressa mwanangu,

Barua imefika. Goti ni lilelile. Nakula maharage na mkate wa mahindi, napika mwenyewe, vibaya. Kazini bado wananibebesha matofali. Wanasema mzee pumzika, halafu wananipa mengine.

Unataka bastola. Sikatai. Lakini mlango kwanza. Mwizi haogopi bastola asiyoiona. Anaogopa mlango mgumu, taa na mbwa. Lonnie aweke bamba la chuma kwenye fremu, afunge kwa skrubu ndefu zinazoingia mpaka kwenye mbao za ukuta. Zile fupi za dukani mtoto anazing'oa kwa teke moja.

Halafu angalia nani analala humo ndani. Bastola haimjui mwenye nyumba. Anayelewa humo, anayekasirika humo, ni yake pia.

Usinunue ile ndogo ya kutia mkobani. Inaruka kama chura, hutapiga kitu. Iweke kwenye kasha lenye kufuli. Ufunguo uwe kwako, si kwa mtu mwingine. Nenda uwanja wa shabaha upige mpaka mkono uchoke, ndiyo utajua unachokishika. Ukisikia kitu usiku usitoke kukitafuta. Jifungie chumbani, piga simu. Kwa hiyo tengenezeni simu. Simu inakuja kabla ya bastola.

Dukani kuna fomu. Wanauliza kama unanunua yako mwenyewe au unamnunulia mtu. Ukidanganya hapo ni jela. Kisha wanapiga simu serikalini kuuliza kama jina lako lina kosa. Kama jina ni safi, unapewa.

Kubwa ni mkono. Isipokaa mkononi haikufai hata ikiwa ya dhahabu. Weka mkono juu ya karatasi, zungusha penseli, nitumie. Nitakuambia saizi.

Baba

*

Indiana, Oktoba 1

Kwa baba,

Shikamoo. Huku baridi imeanza. Umepata kuni za kutosha?

Lonnie ameisoma barua yako mara mbili. Alicheka sana pale kwenye chura. Anasema, "Mzee wako angefundisha chuo kikuu." Ya mlango anasema mlango wetu hauna shida. Simu anasema tutaona.

Mkono nimeuchora, umo kwenye bahasha. Lonnie anauliza kama ile kubwa, ya kubeba risasi nyingi, itaufaa. Anataka tununue mapema.

Baba, uuangalie mchoro vizuri. Usije ukakosea saizi.

Mwanao,
Tressa

*

Lick Branch, Oktoba 7

Tressa,

Nakutumia hii kazini kwako. Usiipeleke nyumbani.

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Mchoro niliuweka mezani. Nikaweka mkono wangu juu yake. Unaujua mkono wangu, glavu za kazini hazinitoshi, wananicheka. Ulipotea ndani ya mchoro. Wewe hata glavu za mama yako zinakupwaya.

Ule si mkono wako. Kwa nini hanunui mwenyewe? Mtu mzima, ana mshahara, ana leseni ya gari. Mwanamume anayemtuma mwanamke akamnunulie bastola ni yule ambaye jina lake likitajwa kwenye simu, dukani wanamwambia nenda zako. Alifanya nini?

Na simu iliharibikaje?

Nijibu hayo. Habari za kuni acha.

Baba

*

Indiana, Oktoba 13

Baba,

Nami nakujibu kweli. Sijambo kidogo tu.

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, mashine zinapiga kelele, hakuna anayeniona. Lonnie alifungwa kabla sijamjua. Alimpiga mke wake wa kwanza, akamvunja taya. Mimi aliniambia walikuwa wamelewa wote wawili, nikamwamini. Mtu wa kosa hilo hauziwi bastola. Kwa hiyo anataka mimi niweke sahihi, yeye achukue. Hakuna nyumba iliyovunjwa mtaani. Zamu ya usiku hana. Simu aliing'oa ukutani nikiwa naongea na mwenzangu wa kazini.

Siku ya kuchora niliweka mkono wangu kwenye karatasi. Akanisukuma.

"Ondoa hicho kikono chako. Wewe ndiye utaishika?"

"Baba kasema wangu."

"Baba yako ataona mkono, mikono yote ina vidole vitano. Chora."

Akauweka wake. Nikazungusha penseli polepole, sikupunguza hata kidogo. Niliomba Mungu uone.

Nilimuuliza anaitakia nini hasa. Akasema, "Yule wa kwanza aliniacha kwa sababu sikuwa na kitu cha kumzuia mlangoni." Halafu akaniambia nimpashie chakula.

Hela zangu anashika yeye. Ufunguo wa gari anao yeye. Kazini ananileta, jioni ananichukua. Nikikataa kwenda dukani, sijui itakuwaje. Nikiweka sahihi, najua.

Usije huku. Akiliona gari lako atajua nimesema.

Mwanao,
Tressa

*

Lick Branch, Oktoba 18

Tressa,

Usiweke sahihi. Na usikatae ukiwa nyumbani. Mwambie ndiyo.

Kuna barua nyingine inafika kwenu wiki hii. Ataisoma. Humo nitamchekea. Usishangae.

Nitalitaja duka la bunduki la Imogene Teague, huko kwenu, barabara ya kusini. Miaka ile nilipofanya kazi huko, mimi ndiye niliyebeba matofali ya ukuta wake. Ni mjane sasa, analiendesha mwenyewe. Nimempigia simu kutoka kwa Arvil. Nilimwambia yote, mbele ya Arvil na mkewe, aibu sina. Jina lako analijua.

Ukifika kwenye swali la fomu, sema ukweli. Ni hilo tu. Yanayofuata ni yake.

Hii itie kwenye maji ya sabuni.

Baba

*

Lick Branch, Oktoba 18

Tressa na Lonnie,

Hamjambo? Mimi mzima. Huku wawindaji wameanza kuja, kelele tupu, paa hawaonekani.

Lonnie, mchoro nimeuona. Mimi si mtoto, mkono wa mwanamume naujua. Si kazi yangu kuuliza. Kila mtu ana lake na serikali, hata mimi ninalo langu. Mkono kama huo unataka bastola kubwa, wala usihangaike na nyingine.

Nendeni kwa Imogene Teague, barabara ya kusini. Bei yake si ya wizi. Nendeni Jumamosi ya tarehe 30, asubuhi, kuna watu wengi na hakuna anayemkodolea mtu macho.

Lakini nisikilize vizuri. Kaa garini. Wenye maduka siku hizi wana macho. Wakiona mwanamke ananunua na mwanamume nyuma yake anamnyooshea kidole, hawauzi, na jina lako wanaliandika. Wewe mwambie kabla achukue ipi. Aingie peke yake. Atachelewa, maana Jumamosi simu ya serikalini ina foleni. Usiingie kumfuata. Ukiingia umeharibu.

Mkimaliza njooni mle nyama ya paa, kama kutakuwa na paa.

Baba

*

Indiana, Oktoba 30

Baba,

Shikamoo. Nipo chumba cha nyuma cha duka. Naandika juu ya boksi la risasi, kwa kalamu ya Mama Teague. Mwandiko usiuangalie.

Njia nzima Lonnie alikuwa anapiga mluzi. Tulipofika akasema, "Ukizubaa naingia."

"Baba kasema usiingie."

"Mzee wako mjanja kuliko nilivyodhani. Haya, shuka."

Ndani kulikuwa na wanaume wawili wanaangalia bunduki za kuwindia. Mama Teague alikuwa anatafuna peremende. Nikaonyesha ile kubwa kama nilivyoambiwa. Akaiweka juu ya kaunta, akaweka fomu. Nikajaza jina, nikajaza siku ya kuzaliwa. Nikafika kwenye swali. Kalamu ikasimama.

"Ni yako, binti?"

Ulisema niseme ukweli. Hukusema kwamba mdomo unakauka hivyo.

"Hapana, mama. Ni ya yule aliyeko nje."

Nilidhani nimesema polepole. Wale wanaume wakageuka. Mama Teague hakunitazama hata usoni. Akaichukua bastola, akairudisha kabatini, akafunga. Fomu akaikunja. Halafu akasema kwa sauti, kama anaitangaza, "Simu ina foleni leo, kaa huku nyuma kuna kiti." Mmoja wa wale wanaume akaenda kusimama mlangoni, akawasha sigara. Ni mpana. Mlango wote ukajaa yeye.

Gari la Mama Teague liko uani. Anatafuta ufunguo, anazungumza kwa simu huku anatukana droo. Ameniambia nitapelekwa wapi, na akaniambia nisikuandikie ni wapi. Hii ataiposti yeye. Sina nguo, sina hata koti.

Lonnie hajazima injini. Naisikia kupitia ukuta.

Sasa anapiga honi.

Tressa

*

Lick Branch, Novemba 16

Tressa mwanangu,

Barua ya dukani ilifika Jumatano. Baada ya hapo kimya.

Nilimpigia Imogene. Akasema alikupeleka na ukashuka salama, zaidi ya hapo hajui. Nikamuuliza kama Lonnie aliliona gari likitoka uani. Akasema, "Orval, mimi nilikuwa naangalia mbele." Basi sikujua kama alikufuata. Kazini nikawa naangusha matofali. Bosi akasema nenda nyumbani kabla hujaua mtu. Nikakaa jikoni.

Jumapili Lonnie akaja.

Alisimama getini, hakuniamkia.

"Yuko wapi, mbeba matofali?"

"Nani?"

"Usinichezee."

"Ulikuwa naye wewe. Umempoteza?"

Akalipiga geti teke. "Barua ile ulinitungia uongo."

"Hakuna uongo. Ungeingia, wangeandika jina lako."

"Atarudi hapa. Hana pengine."

"Basi ngoja."

Ana kitu kwenye mfuko wa koti. Kizito, kinavuta koti upande mmoja. Minadani kuna watu wanaweka bastola mezani na kuziuza bila fomu wala swali. Kwa hiyo amepata. Ujue hilo. Popote ulipo ujue kwamba anayo.

Na mimi nilisimama pale nafurahi, Tressa. Mtu ana bastola getini kwangu, na mimi namshukuru Mungu. Angekuwa amekupata asingekuja kuniuliza.

Askari wa kaunti alikuja. Akasema barabara ni ya watu wote, hawezi kumfukuza mtu aliyeegesha gari. Basi yuko pale juu, karibu na sanduku la barua. Analala garini. Mtu wa posta akija, Lonnie anashusha kioo, anamwangalia anatia nini. Jana alilifungua sanduku kabla yangu. Kulikuwa na karatasi ya matangazo ya mbolea tu. Aliigeuza mbele na nyuma.

Kwa hiyo sikiliza. Usiandike. Hata kadi ya Krismasi, hata bila jina. Mhuri wa posta unaandika mji, na mwandiko wako anaujua kama ninavyoujua mimi. Usipige kwa Arvil, mke wake hawezi kunyamaza. Hii namtumia Imogene, naiposti mwenyewe mjini. Anasema hajui atakupataje, na anavyosema naona anajua.

Usifikirie nitadhani umenisahau. Kila mchana napanda barabarani, napita mbele ya gari lake, nafungua sanduku. Likiwa tupu, hujambo.

Mimi sijambo.

Baba yako