Nili Alikuja Alipoitwa

Rashidiya, Dubai. Jumamosi, Machi 2008.

Kuna sauti ambayo kifaranga huitoa anapokaribia kusinzia. Si ule mlio wa kuita, pii, pii, unaopanda juu. Hii hushuka. Ni mtetemo mwembamba, trrrr, kama mtu anayepitisha kucha kwenye meno ya kitana, na ukiwa umemshika kiganjani unausikia kwa ngozi kabla ya masikio.

Niliisikia mara ya kwanza Oktoba iliyopita na mpaka leo haijanitoka.

Leo ofisi imefungwa. Vumbi limefunika mtaa mzima na jua linaonekana kama sahani ya bati. Nimekaa kwenye mlango wa jikoni, kompyuta mapajani, na nataka kuandika juu ya kuku. Mliokuja kwenye blogu hii kutafuta mambo mazito, mnisamehe.

Vifaranga wenyewe hawakuwa wangu. Shangazi Zuwena, dada yake baba, ambaye ninaishi kwake tangu nije Dubai, aliwanunua soko la ndege la Sharjah kuwa zawadi ya Idd kwa mjukuu wake. Ni wale vifaranga wanaotiwa rangi: wa buluu, wa waridi, wa kijani, wamebanana kwenye boksi kama peremende. Mtoto alicheza nao siku ya kwanza, siku ya pili akawasahau, kisha akarudi kwao Ajman. Boksi likabaki ukumbini. Kila mtu nyumbani alikuwa anangojea wafe. Si kwa ubaya. Ndivyo ilivyozoeleka, vifaranga wa rangi hawaishi.

Nikalichukua boksi chumbani kwangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiyoyozi. Hapa tunalala na kiyoyozi kama tunavyolala na shuka, hata hukisikii tena. Kulipokucha, kifaranga wa zambarau alikuwa amekufa na wenzake wamemlalia wakitafuta joto. Nje kulikuwa na joto la kukausha samaki, na mimi nimeua kifaranga kwa baridi. Nikazima kiyoyozi, nikainamisha taa ya mezani juu ya boksi, na kwa wiki kadhaa nikawa nalala nikitoka jasho kama mwoka mikate. Wa buluu alikuwa amelegea kuliko wote. Nilimfunika kwa viganja viwili na kukaa hivyo kitandani. Alitetemeka, akatetemeka, akatulia. Ndipo nikaisikia ile sauti.

Nikamwita Nili.

Tangu hapo nikashikwa na udadisi ambao sijawahi kuwa nao hata chuoni, walipokuwa wananilipia ada ili niwe nao. Nilitaka kujua kiumbe anaachaje kuogopa. Nauliza kwa sababu zangu. Mimi ni yule mtu ambaye wageni wakigonga mlango huingia chumbani na kitabu, akatoka wameshaondoka.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba mkono unaotoka juu ni mwewe. Vifaranga hawa wametotolewa kwenye mashine, hawajapata kumwona mwewe wala mama wa kuwaonya, lakini kuna kitu ndani yao kinamjua. Kila nilipoingiza mkono kwa juu walitawanyika wakipiga kelele. Basi nikakata boksi ubavuni, nikatengeneza kijilango, mkono ukawa unaingia sambamba na sakafu, kiganja wazi, na chenga za yai la kuchemsha juu yake.

Halafu unakaa bila kufanya chochote. Hapo ndipo pagumu. Kifaranga akisogea, unataka kumfuata. Akipanda kiganjani, vidole vinataka kufumba. Ukimshika kabla hajataka kushikwa, unarudi mwanzo, tena nyuma ya mwanzo, maana sasa ana sababu. Nilijifunza kukaa kama fenicha. Nilijifunza kusema nao kwa sauti ya chini, upuuzi wowote, habari za ofisini, bei za vipuri. Nili ndiye aliyekuja wa kwanza. Hakulitaka yai. Alikuja kudonoa pete yangu.

Wakakua. Rangi ikapauka, na chini yake yakachomoza manyoya ya kweli. Leo Nili ni wa kahawia, ameiva shingoni kama chai ya rangi, hana hata tone la buluu. Tuliwahamishia uani, kwenye banda alilolipigilia Saidi, mtoto wa Shangazi. Wawili walitoa vilemba na kuanza kuwika, na siku zao zikafika. Saidi aliwakimbiza ua mzima, akaangusha kamba ya nguo, ndara moja ikaruka mpaka kwa jirani. Tulicheka mpaka machozi. Mchuzi ulikuwa wa nazi na nilirudia sahani.

Wakabaki Nili, Waridi na Ndimu. Niliwazoesha kuja kwa kugonga kifuniko cha bati la samli na kuita, "Njoo mama, njoo mama." Walikuja mbio, mabawa wazi, kama wanawake waliochelewa harusini. Waridi na Ndimu huishia miguuni. Nili hurukia mapajani, akajipanga, akafumba jicho moja.

Shangazi alikuwa akinitazama kutoka dirisha la jikoni na hakuacha kunichokoza.

"Kuku wako wanajua kupokea wageni kuliko wewe," aliniambia siku moja. "Bado kuwafunza kukoroga chai tu, halafu wewe nikuweke bandani."

Jumanne nilirudi kutoka kazini Ras Al Khor, nikagonga bati. Wakaja wawili.

Nili alikuwa kwenye tenga. Shangazi ana tenga la fito alilokuja nalo kutoka Unguja miaka hiyo, na kazi yake ni moja. Kuku wa kuzurura uani hachinjwi papo hapo. Hufungiwa siku tatu, apewe nafaka safi na maji safi, mpaka ule uchafu aliouokota uishe mwilini, ndipo achinjwe. Nimeiona desturi hiyo tangu nikiwa mtoto. Sikuhitaji kuelezwa kitu.

Lakini Shangazi alinieleza, amefurahi kweli.

"Nimemwita kama unavyomwita wewe! Nimegonga bati, njoo mama, njoo mama. Kaja mbio, kanirukia hapa hapa mapajani. Sikumkimbiza hata kidogo. Mungu akupe kheri, mwanangu, umenirahisishia."

Ijumaa alikuwa anakuja Bi Salma kutoka Maskati, wifi yake Shangazi, dada wa marehemu mume wake.

Niliingia ndani, nikabadilisha nguo, nikarudi uani na kuchutama mbele ya tenga. Nili alipenyeza mdomo kati ya fito akaitafuta pete. Hakuwa na hofu hata chembe. Niliingiza kidole, nikamkuna shingoni pale anapopapenda, na akatoa ile sauti. Sasa ni nzito, inatoka kifuani, lakini ni ile ile, inashuka.

Jumatano nzima nilikuwa ofisini na sikuwepo. Nilikuwa najihoji. Mimi si mtu wa kukataa nyama. Majogoo nimewala, na nikiwakumbuka ninachokumbuka ni ile ndara ya Saidi. Je, ni kwa sababu Nili ana jina? Nao walikuwa na majina. Ni kwa sababu yuko karibu kutaga? Hapana, hata angekuwa tasa. Nilizunguka na swali hilo mpaka saa ya kutoka, na jibu likanijia kwenye basi, likanikaa vibaya.

Jogoo alikimbia. Alikuwa na neno lake, akalisema kwa miguu. Nili hakukimbia kwa sababu nilitumia miezi mitano kumwondolea kukimbia.

Nilimfundisha asiuogope mkono. Sikumfundisha mkono wa nani.

Alhamisi jioni nilimkuta Shangazi jikoni anachambua mchele.

"Shangazi, Nili asichinjwe."

Hakuinua macho. "Nili ndiye nani?"

"Aliye kwenye tenga."

"Aliye kwenye tenga ni kuku."

"Ndiyo, huyo."

"Na wale majogoo? Mchuzi wao uliomba uongezewe, mimi ndiye niliyekupakulia."

"Wale walikimbia, Shangazi. Huyu kaja alipoitwa."

Vidole vyake vikasimama juu ya sinia. Nadhani hilo lilimfikia mahali. Kisha akaendelea kuchambua.

"Vitabu vimekuharibu, wewe. Sikiliza. Salma hajakanyaga nyumba hii tangu tumzike kaka yake. Nimwekee mbele kuku wa barafu, katoka Brazili kama jiwe? Akirudi Maskati aseme nini? Kwamba kaka yake alipokufa na heshima yake ikafa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Siku zote mbili nilikuwa nimemfikiria kuku na kujifikiria mimi. Kumbe kwa Shangazi yule kuku alikuwa maneno, maneno ambayo hajapata kumwambia wifi yake, na alikuwa anajua njia moja tu ya kuyasema.

"Kesho asubuhi nitakwenda sokoni na Saidi," nikasema. "Nitaleta mwingine, wa kuchinjwa siku hiyo hiyo."

"Wa sokoni hajafungiwa."

"Wa sokoni amefungiwa tangu azaliwe."

Akacheka, ingawa niliona hakutaka. "Haya. Ukiniletea kuku mgumu tutakutia wewe chunguni. Na mgeni utampokea wewe, mlangoni. Ukajifungie tena na vitabu vyako, nione."

Nilitoka nikafungua tenga kabla hajabadili mawazo. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakaa kwenye kigoda, sikugonga bati wala sikuita. Nilitaka kuona. Kama angenikimbia ningemwelewa, na nadhani nusu yangu ilitaka anikimbie. Nili alitoka, akajikung'uta, akanywa maji, akaparura mchanga, akautazama ua kama anayehakikisha kwamba hakuna kilichohamishwa. Kisha akaja akadonoa pete.

Ijumaa nilimchagua kuku mwenyewe. Saidi alitaka nibaki kwenye gari, nikakataa. Kuku huyo alikuwa mweupe, mnene, na muuzaji alipoingiza mkono kizimbani alimdonoa kifundo na kupiga kelele ambazo ziliwaamsha wote safu ile. Alipiga kelele mpaka mwisho, na nilisimama pale mpaka mwisho.

Sijui kama nilitenda haki. Kuku mmoja amekufa kwa sababu sikumjua, mwingine yu hai kwa sababu namjua. Nimeligeuza jambo hili kila upande na hakuna upande linaokaa sawa. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mweupe alikataa, na kukataa kwake kulisikika. Hakuna aliyemdanganya kwamba mkono ni kitu kizuri.

Bi Salma aligonga baada ya sala ya Ijumaa. Miguu yangu iligeuka yenyewe kuelekea chumbani, kweli, niliihisi ikigeuka. Nikaenda mlangoni. Ni mama mdogo wa umbo, ananukia udi, na naye alikuwa na wasiwasi, hilo sikulitegemea. Alishika mwimo wa mlango kana kwamba hana hakika kama nyumba hii bado ni ya kwao. Nikaubusu mkono wake nikamwambia karibu, kwa ile sauti ya chini niliyokuwa nikiitumia kwenye boksi la vifaranga, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Walikula. Bi Salma alisema mchuzi ni kama aliokuwa akiusifu kaka yake, na Shangazi akainuka haraka kwenda kuleta maji ambayo tayari yalikuwa mezani. Nilikaa nao mpaka alasiri. Sikuhesabu dakika, na kwangu mimi hilo ni habari.

Sasa nililoandikia leo. Nimeamua kwamba kwenye ua huu anayekuja alipoitwa hachinjwi, na sikuja hapa kuwauliza mnaonaje, maana nimekwisha kulitenda. Asubuhi nimelichukua tenga la Unguja, nikalilaza kwa ubavu pembeni ya banda, nikalitia nyasi kavu ndani, liwe kiota. Kilemba cha Nili kimeanza kuwa chekundu, yai haliko mbali. Ameshaingia mara mbili, amejizungusha, ametoka.

Shangazi alitoka kuanika nguo akaliona. Akasimama na beseni kiunoni.

"Hilo si tenga langu?"

"Ndilo, Shangazi."

Alilitazama kwa muda mrefu. Akainama, akapima ndani kwa kiganja, taratibu, mkono ukiingilia ubavuni.

"Nyasi hazitoshi," akasema, akaenda kuanika.

Nimeongeza.