Mizabibu Iliyokatwa Februari

Kalenga, Iringa,
Tanganyika.
9 Septemba 1957

Mpendwa mwanangu Liberatus,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwaka jana kimekuacha. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Mama yako Severina hajambo. Baba yako, mdogo wangu, nitamtaja mahali pake.

Barua yako ya Juni ilifika. Ina kurasa sita, na mwandiko ni safi. Umeeleza kwamba zabibu ya primitivo, mnayoichuma huko Ulaya, huitwa hivyo kwa kuwa huwahi kuiva kuliko zabibu nyingine. Kwamba negroamaro hutoa divai nyeusi yenye uchungu kidogo. Kwamba fiano ni nyeupe na nyuki huipenda. Kurasa mbili nzima ni za aglianico, ile ya mlima Vulture, ambayo Padre Donato wa misheni alituletea vijiti vyake vya kupanda kutoka kwao. Unasema mlima huo zamani ulitoa moto kama Rungwe, na kwamba aglianico huchumwa mwisho kabisa, Novemba, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nimeelewa. Nimeelewa pia ulikojifunza kuchelewa, maana hii ni mara ya tatu unaandika kwamba utabaki kwa mavuno ya mwaka mmoja tu zaidi.

Habari za baba yako hukuuliza hata kwa mstari mmoja.

Basi nitakupa. Mwaka jana uliandika kwamba mizabibu hupogolewa Februari. Nilimsomea baba yako maneno hayo kama yalivyo, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Padre Donato, kabla ya kuhamishwa, alikuwa amemfundisha kupogoa Julai, wakati wa baridi na ukavu, na kwa miaka miwili tulipeleka misheni divai ya misa. Lakini hii ilikuwa barua ya mwanawe. Februari iliyopita aliingia shambani na mkasi, mvua ikimnyeshea, akakata mashina yote mia mbili. Nilimwambia, "Tadeo, mti uliojaa majani mabichi hukatwaje?" Akanijibu bila kugeuka, "Kaka, karatasi umeisoma au hukuisoma?"

Huko Februari miti imelala. Huku mvua inanyesha kila siku. Wewe ulizaliwa huku, umepalilia mahindi ya Februari kwa mikono yako, na hukukumbuka kuandika jambo hilo moja. Machipukizi yalitoka laini, ukungu mweupe ukayala, na kufika Pasaka mashina yalikuwa yanaoza. Yaliyo hai hayafiki ishirini. Jirani yetu Kalinga hupita akiuliza kwa sauti, "Mzee Tadeo, leo tunalima kwa kalenda ya Ulaya au ya kwetu?"

Shamba lile la bondeni ndilo pekee lenye udongo wa kufaa. La juu ni mawe. Tunakula mchele ambao dada yako Matilda anatutumia kwa lori kutoka Ubaruku, na mumewe ameanza kunung'unika. Nilitaka tung'oe mashina kabla ya mvua, tupande mahindi. Baba yako amekataa. Kila asubuhi huketi pembeni mwa shamba, jembe magotini, asije mtu akang'oa. Miguu yake imevimba, na chakula hakigusi sana. Anasema Februari atapogoa tena, kwa kuwa safari ya kwanza huenda yeye ndiye aliyekata vibaya.

Kwa hiyo sikuombi, nakuagiza. Mwandikie baba yako, wala si mimi. Usitaje zabibu za huko. Andika: "Baba, kosa ni langu, si la mkono wako. Ng'oa." Hayo yakitoka kwako atayatii. Yakitoka kwangu hayasikii.

Sasa nakuambia jambo linalonitia aibu. Nimefundisha imla miaka ishirini na saba, na nimewachapa watoto kwa kuongeza neno ambalo sikulitamka. Lakini tangu barua yako ya pili nimekuwa nikimsomea baba yako maneno ambayo hukuyaandika. Nimemsomea kwamba unamwombea, kwamba unaiota nyumba. Yeye huniomba nirudie hapo tu, nami hulazimika kukumbuka nilivyosema.

Nitangoja mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi. Barua isipofika, nitashika karatasi tupu mbele yake na kumsomea barua yako. Humo utakuwa umemwomba radhi, na utakuwa umemwita baba kwa namna ambayo hujamwita tangu uondoke. Baada ya hapo hutakuwa na haja ya kuandika tena. Barua zako nitaziandika mimi.

Mama yako na Matilda wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akukumbushe ulikotoka.

Wako akupendaye, ingawa kwa uchungu,
Baba yako mkubwa,
Philbert