Makala ya Moto

Katana, tarehe 7 aprili 2024

Fikiri,

Nani alikupa fimbo ya kupigia batoto ya benyewe? Ulisomea uhakimu ku shule gani, na mimi nililipia minerval, karo ya kusomea ufundi wa radio?

Salamu nakupa, ju sikukulea mu pori. Bijou yuko muzima? Mutoto anaota meno? Mimi niko. Mugongo unaniuma, lakini hapa kwa Colette, binti ya shangazi yako, nakula na nalala. Kila siku anatoka kazi ku dispensaire na dawa yangu mu mufuko. Sasa tuseme.

Jana Micheline mwenye kuuza matunda ya avoka alinifikia kutoka soko ya Bagira. Hata kukaa hakukaa. “Maman Georgette, mujukuu wako sasa ni mukubwa mu Kasha. Anapigaka batu.” Nikamwambia, wewe muongo. Akaapa. Ati avenue yetu ilifanya komite ya usalama, na prezida ni wewe. Ati mulikamata Cirhuza, mutoto wa marehemu Philémon mwenye kushona viatu, na sufuria ya Maman Feza. Mulimunyoa na kipande ya chupa, mukamupiga fimbo makumi ine, mukamutembeza Kasha muzima na ile sufuria ku kichwa, batoto banaimba nyuma.

Sufuria. Fimbo makumi ine ju ya sufuria.

Usifikiri nasifia mwizi. Cirhuza ni mujinga, na baba yake angekuwa muzima angeficha uso. Lakini mwizi iko na mahali yake: polisi, parke yenye kushitaki, hakimu. Hapana kwa fundi wa radio.

Usinipigie simu. Nikianza kusema ukweli unaniambia rezo imekatika. Andika, na umupe Micheline.

Siku zingine naandika “bwana yangu mudogo”. Leo hapana.

Koko wako


Kasha, tarehe 15 aprili 2024

Koko mupendwa,

Nakusalimu sana, na pole kwa mugongo. Sisi tuko salama. Mutoto ameota meno mawili na anamuuma mama yake. Bijou anakusalimu, anasema urudi, nyumba imepoa bila matusi yako.

Koko, wewe hauishi Kasha sasa. Unajua mara ngapi tulipeleka wezi polisi? Mutu anaingia kasho ya polisi siku ya kwanza, siku ya tatu anapita mbele ya mulango wangu na kuniita kwa jina: “Fikiri, uliamka?” Cirhuza huyu huyu tulimpeleka mara mbili. Tangu tumpige, majuma matatu hakuna hata nguo iliyopotea kwenye kamba. Wamama wananishukuru njiani. Fimbo inafanya kazi, Koko. Mwizi anaelewa maumivu, haelewi mahubiri.

Na nani alinifundisha hayo? Nilikuwa na miaka tisa. Sahani ya samaki sambaza uliyowawekea wageni wa matanga ya marehemu Papa ilipotea. Ulichukua kala la moto kwenye jiko la mbabula, ukaniwekea mukononi mbele ya avenue nzima. Nililia mpaka nikatapika. Lakini tangu siku ile sijagusa kitu cha mutu. Kwenye mikutano nanyanyua mukono huu, nawaonyesha kovu. Nawaambia: “Koko yangu aliniponyesha kwa dakika moja.” Watu wanapiga makofi.

Mwalimu wetu ni wewe. Usitukane masomo yako mwenyewe.

Mujukuu wako,
Fikiri


Katana, tarehe 5 mei 2024

Fikiri,

Uko je? Bijou je? Mumwagie mutoto maji ya vuguvugu, mvua ya hapa imeleta kikohozi, sijui huko.

Nimekawia kujibu. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Ju ya mukono wako sina kitu ya kuandika leo.

Nasema ju ya Cirhuza. Micheline ananiambia yale majuma yako matatu imeisha, na Cirhuza amerudi ku kazi yake ya kuiba. Ju ya nini asirudi? Alikuwa anapakia muchanga ku kamio, lori ya patron mumoja, kazi ya jasho, ilikuwa inamupa bugali. Patron aliona kile kichwa mulinyoa na chupa, akamufukuza siku ile ile. Nani mu Kasha atamupa hata ndoo ya maji abebe? Mulimufungia milango yote, mukamuachia dirisha. Sasa munashangaa anapita ku dirisha.

Na banasema siku hizi anatembea na panga. Mbele alikuwa anaiba na kukimbia kama kuku. Sasa anajua mukimukamata mutamuvunja, njo maana naye anabeba kitu ya kuwavunja. Mwenye kumufundisha ni ninyi.

Toka mu ile komite. Usiniambie “lakini Koko”.

Koko wako


Kasha, tarehe 3 juni 2024

Koko,

Salamu. Sisi wazima. Mutoto alikohoa, amepona.

Usikie habari kwangu kabla Micheline hajakuongezea chumvi. Cirhuza alivunja nyumba ya Maman Feza tena, akataka kuchukua panneau ya umeme wa jua. Télesphore, yule muzee sentineli anayetulindia usiku, alimshika shati. Cirhuza alimkata bega kwa panga. Muzee atapona, lakini mukono hautanyanyuka tena vizuri.

Jana tulimkamata. Yuko mu depo ya mizigo ya Lucien, mwenzetu wa komite, amefungwa kamba. Polisi hatujawaambia na hatutawaambia. Siku ya posho, yaani jumamosi tarehe 8, saa ine asubuhi, ku uwanja wa mupira, tutamwekea makala ya moto mu mikono yote miwili. Wengine wa komite wanaogopa kushika koleo, kwa hiyo nitaishika mimi. Nimewaambia: mimi nilipita mule, sikufa, nikawa mutu. Kama fimbo haikumutosha, maana yake ilikuwa kidogo.

Usiandike kunikataza. Komite yote imetia sahihi.

Mujukuu wako,
Fikiri


Katana, tarehe 5 juni 2024

Fikiri,

Niko muzima. Salimia Bijou. Sasa kaa chini, usome umekaa.

Wewe haukuiba.

Sambaza ya matanga ya baba yako ilikuliwa na Colette. Alikuwa na miaka kumi na moja. Kesho yake asubuhi, tukienda kuchota maji ku fontene, aliweka bido chini, akasema: “Koko, ni mimi.” Wewe ulikuwa ku nyumba na kitambaa mukononi. Na mimi, tangu jana yake batu banapita ku mulango: “Georgette, wewe unajua kulea, wewe ni mwanamuke.” Nilikuwa nimefurahi na ile sifa. Nikamwambia Colette, nyamaza, imekwisha. Nilisikia haya kuomba mutoto wa miaka tisa musamaha. Ile haya nimeikalia miaka makumi mbili na tano.

Siku ile uliniambia: “Koko, si mimi.” Mara tatu ulisema. Ya ine ukasema “ni mimi”, ju kala ilikuwa inakaribia na ulifikiri ukikubali nitaliweka chini. Sikuliweka. Kisha ukarudilia “ni mimi” mpaka naona hata wewe uliamini.

Basi usinyanyue ule mukono mbele ya batu tena. Mutu haponi ugonjwa hakuwa nayo. Mwenye kuiba alikuwa Colette, na sikumupiga hata kofi. Alikuoshaka kile kidonda kila asubuhi mpaka kikafunga, unakumbuka, ulikuwa unakataa mukono ya mutu mwingine. Leo anashika funguo ya dawa hapa dispensaire, na hata kidonge moja haijapotea. Amekaa pembeni yangu sasa, analia. Nimemwambia alie polepole, ananipotezea mustari.

Mimi sijui nini inaponyesha mwizi. Niliishia ku mwaka ya tatu ya shule ya primeri. Najua tu kala langu halikuponyesha mutu, na kwa kuchelewa kusema limezaa mwanaume anayetaka kuchoma mwenzake na kusema ni koko wake alimufundisha.

Cirhuza amemuharibu Télesphore. Hiyo ni kubwa, na siipunguzi. Afungwe. Afungwe na hakimu mwenye kuuliza maswali, na usiniambie wanamuachia siku ya tatu: ninyi munamufikishaka ku mulango ya polisi na kurudi ku pombe. Nani kati yenu alikwenda kutoa ushahidi? Hata mumoja.

Hasira yako ju yangu iko na haki. Uilete hapa Katana siku ya yenga, jumapili, nitakuwa nimekaa inje, sitakimbia.

Lakini kwanza fanya hivi. Micheline akikupa hii karatasi, usingoje posho. Enda kwa Lucien, kata ile kamba, mupe Cirhuza maji. Mumupeleke polisi na Télesphore mbele, bega lake wazi balione, na mubakie pale mpaka dosie iandikwe na majina ya bashahidi iko ndani, la kwanza lako. Kisha siku ya posho, saa ine, batu bakifika ku uwanja, simama ubasomee hii barua yote. Pale pa sambaza soma polepole. Na jina yangu usiiruke.

Koko wako