Kidude Kilichomwandikia Bosi

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Pasi yangu ya kulehemu usiiguse, bado inaunguza.

Na kile kidude cha asubuhi si flashi! Ni kibao cha elektroniki nilichokiunda mwenyewe, nikakilehemu waya kwa waya. Ukikichomeka kwenye kompyuta kinajifanya kibodi, kinaandika maneno niliyokiwekea. Niliweka “Osheni vyombo, wavivu nyie!” kwa ajili ya wanao, maana sauti yangu wameshaizoea. Wewe ukakichomeka ukiwa katikati ya kumwandikia bosi wako barua, kikaandika humo, ukaituma bila kuisoma. Ulipogundua, ukaniambia nachezea takataka kama mtoto. Hapo uliniumiza, mume wangu.

~~Nisamehe.~~ Tusameheane.

Ulivyotoka umenuna, simu ukaisahau. Bosi wako kapiga, anacheka hana mbavu. Anataka nimtengenezee na yeye kimoja, wanawe nao vyombo hawagusi.

Kidude kiko chini ya kikombe chako. Nimekiwekea maneno mapya, ya kwako peke yako, watoto wasiyaone. Kichomeke usome.

Ila vyombo kwanza.

Mama Watoto, mchezea takataka